Kwa Mama Nubis, Mlezi wa Watoto wa La Ceibita

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotuacha, moyo ukiwa umechoka na wewe mwenyewe ukikataa kukubali kwamba umechoka. Misa ya mwaka tumeisoma Jumamosi. Viti havikutosha. Baadhi ya waliokuja ni wale wale waliowahi kuvuka barabara ili wasikusalimie, nami nilitaka kuwaacha wasimame hadi baraka ya mwisho. Baba akanibana mkono. "Arelis, wape viti." Nikawapa.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika, kwa kuwa ndiye binti mkubwa na, kama ulivyokuwa ukisema, ndiye niliyerithi mdomo wa bibi. Mdogo wangu Ledys alitaka tuweke picha yako ile ya harusi na maneno manne tu. Nikamwambia mama yetu hakuwa mtu wa maneno manne.

Kwa miaka ishirini na sita sebule yetu haikuwa yetu. Saa moja asubuhi waliingia watoto kumi na wawili wa mtaa, mama zao wakienda sokoni, mashambani au kufua nguo za watu, na hadi saa kumi jioni hapakuwa na mtu mzima aliyethubutu kuwasha redio. Uji wa unga wa lishe, vikombe kumi na viwili vya plastiki, magodoro kumi na mawili yaliyosimamishwa ukutani. Sisi watoto wako tulikulia jikoni. Hatukulalamika sana, jikoni ndiko kulikokuwa na jibini.

Watu wa mji wetu wa Lorica wanajua mlango wa mtaa wa La Ceibita ni wa namna gani. Unafunguliwa kahawa inapochemka na kufungwa watu wakienda kulala. Mwenye kuufunga mchana ama anachukia watu ama anapika kitoweo asichotaka kugawa. Wewe ulimwita fundi akaukata mlango wetu katikati, nusu ya juu ikae wazi kwa ajili ya upepo, nusu ya chini iwe na komeo upande wa ndani. Majirani walikucheka mwezi mzima.

"Nubis, umefungua jela?" aliuliza jirani yetu Tomasa, amejiegemeza kwenye ile nusu ya chini.

"Nimefungua. Wewe ndiye unayetaka kuingia, basi sema kosa lako."

Hata Baba hakupona. Watoto walipokuwa wakioshwa uani, hakuna mwanamume aliyepita huko, awe mwenye nyumba, awe padri.

"Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu," alikuwa akisema, taulo begani. "Leo naomba ruhusa ya kuoga kwangu mwenyewe?"

"Omba, Eparquio."

"Naomba."

"Saa kumi, wakishaondoka."

Naye alingoja, akinung'unika, anamenya viazi vikuu. Anasema sasa anaoga saa yoyote anayotaka na wala hafurahii.

Halafu lile daftari lako. Kila mtoto aliandikiwa watu watatu wanaoruhusiwa kumchukua, na mtu wa nne hakumpata hata aje na askofu. Mume wangu Ever alikumbana nalo. Mimi, kwa haraka zangu, niliandika majina ya wanawake watatu nikamsahau baba wa mtoto. Akaja kumchukua mwanetu, mvua inanyesha, wewe ukamwacha nje ya mlango.

"Mama mkwe, mimi Ever!"

"Nakujua, mwanangu. Hata shati hilo nimekuchagulia mimi. Lakini daftari halikujui."

Alisubiri chini ya paa la Tomasa mpaka nilipofika kutoka kazini. Tomasa aliisimulia hadithi hiyo kwenye kila ubatizo, na bado anaisimulia.

Hukuwa mtu mkali, ingawa mtaa ulipenda kusema hivyo. Ulikuwa ukipiga magoti kuongea na mtoto, hata magoti yalipokuwa yamekwisha. Kwetu mtoto huzungushwa chumba kizima awabusu wakubwa wote, na akikataa anaitwa hana adabu. Wewe uliwaambia shangazi zetu mbele ya wageni, "Hataki, muacheni. Busu si kodi." Walinuna hadi keki ilipokatwa.

Sasa nafika pale ambapo Ledys ameniomba nisifike.

Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Jina lake sitaliandika hapa. Ungenichapa kwa kandambili. Baba yake alikuwa fundi seremala, mcheshi, mtu wa kupendwa na kila mtu. Viti vidogo kumi na viwili vya sebule yetu alivitengeneza yeye na hakutaka malipo. Wewe ulikuwa umemsimamia kifungua mimba wake ubatizoni, kwa hiyo mlikuwa mkiitana kompadre na komadre. Wasiotoka kwetu pengine hawajui uzito wake. Ndugu wa damu mnaweza kugombania shamba mkashtakiana. Na kompadre hamshtakiani. Mambo ya makompadre humalizwa jikoni, kikombe cha kahawa mkononi, na hayatoki nje ya jiko hilo.

Mtoto alianza kukaa upandeupande kwenye kiti. Siku moja ulikuwa unamwosha matope ya miguu, ukaona alama nyuma ya mapaja, nyembamba, zimejikunja kama alama za waya. Kabla hujafungua mdomo akakwambia, "Nilianguka, Seño," yaani mwalimu, kama watoto wote walivyokuita. Ulikuwa hujamuuliza.

Jioni hiyo ulinieleza tukiosha vikombe.

"Mtoto anayejibu kabla hajaulizwa amefundishwa jibu," ulisema.

"Sasa utafanyaje?"

"Namba ya ofisi ya familia ipo pale ukutani. Nakausha mikono napiga."

Hukupiga. Kwa nini hukupiga nitasema hapa chini, maana hiyo ndiyo sababu nilikubali kuandika.

Badala yake ulifunga maandazi ya mahindi na kipande cha jibini, ukaenda jikoni kwa kompadre. Alikupokea vizuri. Alikumiminia kahawa mwenyewe.

"Komadre, kile kitoto ni kitundu, kinapanda mpera kama nyani. Ukikiona kinapanda huko kwako, kifinye kwa niaba yangu."

Mkacheka. Ulirudi nyumbani ukaniambia kwamba mkewe hakuinua uso muda wote uliokuwa pale.

Kesho yake mtoto hakuletwa. Ana homa, walisema. Siku iliyofuata jino. Kisha amekwenda kwa shangazi, kisha mvua. Kila asubuhi ulikiosha kikombe chake ukakiweka mezani, na kila jioni ukakirudisha kabatini kikiwa kikavu. Siku ya tisa uliwaacha watoto na Ledys, ukavua aproni, ukaenda kwa miguu hadi ofisi ya familia, wala hukupita jikoni kwa mtu yeyote.

Maofisa wa kulinda watoto walikwenda kwa kompadre saa ile ile. Walimkuta kwenye chumba cha nyuma, mkono wa kushoto umevunjika, umefungwa kitambaa cha jikoni. Mvunjiko ulikuwa wa siku nne.

Ofisa, mwanamke kijana mwenye miwani, alikuuliza swali moja tu kwa upole: "Bi Nubis, alama uliziona lini?"

"Siku tisa zilizopita."

"Na kwa nini ulisubiri?"

"Nilikwenda kwanza kumwambia baba yake. Kosa ni langu."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako kwenye benchi. Mkoba wako ulikuwa mapajani mwangu.

Mtaa uligawanyika, na sehemu yetu ilikuwa ndogo. Seremala alichukuliwa na polisi, mkewe akahamia Montería kwa dada yake pamoja na watoto, na lawama zote zikabaki zinatafuta mtu wa kumshukia. Watoto saba kati ya kumi na wawili waliondolewa kwako wiki hiyo hiyo. "Leo kompadre, kesho mimi," alisema mama mmoja huku anakusanya nguo za mwanawe. Kwenye duka la samaki walikuuzia wa mwisho, wenye miiba. Usiku mmoja mtu aliweka mlangoni kwetu kiti kidogo kama vile vya sebuleni, kimevunjwa miguu. Ulikichukua ukakifanya kuni, ukapikia supu, ukasema mti ule unawaka vizuri.

Nilikuona ukilia mara moja tu. Ulikuwa unakunja magodoro saba yasiyo na mtu. Hukulia kwa sababu ya watu. Uliniambia, "Siku nne, Arelis. Nilikuwa nachekelea kahawa, wakamvunja mkono kwa sababu nilikwenda kusema nimeona."

Mkono ulipona, lakini haunyooki wote. Hilo tunalijua kwa sababu mama yake alikuandikia barua mwaka wa pili, na picha ndani yake, mtoto amevaa sare ya shule. Barua umezikwa nayo, ulivyotaka.

Watoto walirudi kidogo kidogo. Yule mama wa "kesho mimi" alirudi wa mwisho, kichwa chini, nawe ulimpa kalamu aandike majina matatu kana kwamba hamjawahi kuonana.

Sasa niseme. Jioni ile kwenye sinki, ulipokwisha kukausha mikono na kufika kwenye simu, mimi ndiye niliyekushika. Nilikwambia: "Mama, huyo ni kompadre wako. Utamwaibisha mtu mtaa mzima kwa alama za kuanguka? Nenda kwanza ukaongee naye, mmalize jikoni kama watu." Ulinitazama. Nikaongeza, na hili ndilo linaloniamsha hadi leo: "Fikiria na sisi tutaishije hapa." Ulirudisha simu mahali pake. Maandazi yale ya mahindi niliyafunga mimi.

Uliposema mbele ya ofisa kwamba kosa ni lako, nilingoja uniangalie. Hukuniangalia. Hukumwambia Baba, hukumwambia Ledys, hukumwambia hata padri; hilo nalijua, maana yeye angenipa adhabu na sikupewa. Watu walikutukana kwa kusema na wengine wakakutukana kwa kuchelewa kusema, nawe ukayabeba yote mawili. Kwa miaka sita mtaa umeamini kwamba Nubis Espitia, pamoja na daftari lake na komeo lake, alimwonya baba mtu kwa upumbavu wake. Haikuwa hivyo. Ulikuwa umeshakausha mikono.

Nilikuuliza mara moja, hospitalini, kwa nini hukunitaja.

"Namba niliijua mimi," ulijibu. "Na miguu iliyonipeleka kule ilikuwa yangu. Wewe ulikuwa na woga tu."

"Nilikuwa na woga wa watu, Mama."

"Basi. Zamu yako ikifika, usianze na kahawa."

Nyumba haikufungwa. Tangu Februari mimi ndiye mlezi, na watoto wananiita Seño, ingawa wakubwa wao wanasema Seño mwenyewe alikuwa mwingine. Sina uvumilivu wako. Naongea sana, na uji wangu una madonge. Ila zamu imefika, Mama, mapema kuliko nilivyodhani, na haikutoka kwa kompadre. Imetoka karibu zaidi.

Ilikuwa wiki tano zilizopita, mchana, wakati wa kubadilisha nguo baada ya chakula. Niliona alama kwa mtoto mmoja. Naijua nyumba anayotoka, nimelala ndani yake, nimekula Krismasi zote kwenye meza yake. Nilijua pia nani angenipigia kelele na nani angelia, na kwa maneno gani. Mikono ilikuwa imejaa sabuni. Sikuikausha. Nilipiga simu mbele ya watoto wote kumi na wawili, simu ikaloa, na sauti yangu ilitetemeka hadi yule aliyepokea akaniomba nirudie anwani. Nilirudia mara tatu. Kabla ya jioni mtoto alikuwa mahali pengine, salama, na hakuna mtu aliyepata siku hata moja ya kumfundisha la kusema.

Wanaokukumbuka leo ni mumeo, Eparquio Negrete. Watoto wako Arelis, Ledys na Osnaider. Mkweo Ever, ambaye siku hizi jina lake limeandikwa la kwanza. Wajukuu zako wanne. Jirani yako wa miaka yote, Tomasa. Pamoja na watoto wote uliowaosha miguu, walio Lorica na walio mbali.

Kwenye orodha hii palikuwa na majina mengine, ya watu wa damu yetu, watu uliowapenda nao wakakupenda. Wiki iliyopita walituma ujumbe wakisema hawataki kuandikwa pamoja na mimi kwenye karatasi moja. Tumeyaondoa, na nafasi yao tumeiacha. Baba aliuliza kama nimejuta. Nililia mbele yake, kisha nikamwambia hapana. Mtoto hana mfupa uliovunjika, Mama. Hata mmoja.

Hatutaacha kukukumbuka.