Kilio cha Bibi Kwenye Dancehall

Luhende,

Ugali uko kwenye hotpoti. Dagaa nimefunika, paka asiguse.

Asubuhi nimepita Mabatini kununua sukari, nikakuta dukani wanapiga kionjo cha huo wimbo wako wa dancehall unaotoka Ijumaa. Vijana wanatikisa vichwa, wanasema mwanzo wake mkali. Huo mwanzo ni bibi yako akimlilia baba yako kaburini. Mimi ndiye niliyemshika asianguke, na wewe kumbe ulikuwa unarekodi.

~~Ufute huo wimbo leo.~~

Hapana, usifute. Bibi anafika jioni kutoka Misungwi. Mpe shikamoo yake, mwandalie chakula, akishiba mpigie wimbo wewe mwenyewe. Ukiweza kumtazama usoni mpaka uishe, basi utoe hiyo Ijumaa.

Mama yako