Mfuko wa Buluu

Shoga Consing, haya kaniambia mkamwana wangu Jovelyn leo jioni, katoka tu shamba la ndizi.

Ile mifuko ya plastiki ya buluu wanayovisha mikungu imetiwa dawa ya wadudu! Kamuuliza msimamizi, akacheka: "Mama, kwani wewe mdudu?"

Kwani wewe mdudu!

Na mimi niliuosha mmoja, nikamtandikia mjukuu asilowanishe mkeka. Wiki nzima kaulalia, Consing!

Ushirika wa ng'ambo ya mto hawaitumii dawa hiyo, wanunuzi wao wameikataa. Ndizi zao zina alama ya biashara ya haki. Huko kwa mwanao Japani nunueni hizo, hata zikizidi bei.

Mtoto kakohoa, kakohoa, sasa kalala. Jovelyn naye usingizi umempitia, mkono kifuani pa mwanawe.