Zamu ya Asiyelala

Jumanne usiku, shambani

Lala, lala, lala! Leo nimeambiwa hivyo mpaka nimelichukia neno lenyewe. Kana kwamba usingizi nimeuficha mimi.

Tiba ya mionzi ya saratani naanza Jumatatu, hospitali ya Garissa. Tangu nipewe hiyo siku, nikifumba macho nakiona kile chumba. Nimelazwa kifua wazi, kila mtu anatoka, mlango unafungwa, nabaki mimi na mashine. Naogopa. Hapa naandika, nyumbani sijasema.

Jioni wifi yangu Habiba akaniletea maziwa ya moto, akanitandikia kitanda kama mtoto. Mume wangu, Baba Amina, naye alikuwa anatafuta tochi aende kulinda mpunga, macho mekundu kwa kukesha. Viboko wanatoka mtoni kila usiku.

Nikamnyang'anya tochi. "Lala wewe. Mimi usingizi sina."

Wifi akaruka. "Mgonjwa akafukuze viboko? Watu wa hapa Idsowe watasemaje?"

"Watasema mpunga umepona."

Basi niko juu ya dungu letu la miti, sufuria kuukuu mapajani. Sasa hivi ametokeza kiboko mmoja, mgongo unang'aa. Nimegonga sufuria mpaka mkono wa upande walikokata titi ukaniuma. Akasimama, akanitazama, kisha akarudi majini polepole, kama mtu aliyetukanwa.

Nimecheka peke yangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka hivi.

Jumatatu bado naiogopa. Lakini nyumba nzima inakoroma, na mpunga wao unalindwa na mgonjwa.