Phelesia Anataka Nimzalishe Tena

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo kisiwani huku Homa Bay, mwaka wa kumi na moja sasa, na kipaji changu ni kuongea na akina mama, mtu akija analia kwa uchungu nikimshika mkono anatulia, hadi wakubwa walinisifu mkutanoni na mimi nikalewa sifa, kila mwaka tukiitwa mjini kurudia mafunzo ya kumpumulisha mtoto mchanga kwa mwanasesere nilikuwa nasema atumwe mwenzangu Cephas, mimi nibaki na wagonjwa wangu wanaonipenda.

Mwaka jana Phelesia, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Cephas alikuwa likizoni. Moyo wa mtoto ulikuwa unadunda, niliusikia mwenyewe, lakini nilipochukua mfuko na barakoa vya kumpulizia hewa mikono ilikuwa imesahau, kichwa nilikilaza vibaya, hewa ikawa inatokea pembeni, kifua hakikuinuka hata mara moja, nami nikaendelea kufinya tu hadi akanifia. Niliandika kwamba alizaliwa amekufa. Kisha nikakaa na mama yake kutwa nzima nikimbembeleza, kwa sababu hilo nalijua.

Sasa ana mimba ya miezi minane. Juzi aliniletea omena akasema, "Sista, erokamano, asante sana. Hii ingine ni wewe tu utanizalisha. Na saa hii sijabeba gunia hata moja." Anaamini gunia la omena alilobeba akiwa na mimba ile ndilo lililomuua mtoto. Nikaipokea ile omena nikamshukuru. Nifanye nini?
Muuguzi, Homa Bay

Dada yangu, nimekasirika na sitakuficha. Pia nimekuhurumia, kwa sababu ungeweza kukaa kimya hadi uzeeni na hakuna ambaye angejua.

Kipaji chako ni cha kweli, wala sikwambii ukiache. Lakini ulikitumia kama ruhusa ya kutojifunza, na mtoto asiyepumua habembelezwi. Ulijua hayo kila mara ulipotaja jina la Cephas.

Kesho nenda kwa mkuu wako, umweleze yote na rekodi irekebishwe. Pengine utasimamishwa kazi. Kubali. Ukiruhusiwa kurudi, usimzalishe mtu peke yako hadi umeshika ule mfuko mbele ya mkufunzi na yeye ameridhika, na baada ya hapo ufanye mazoezi kila wiki, hata kama foleni ya wagonjwa inakuita. Phelesia avuke ziwa mapema akajifungulie hospitali kubwa, asingoje uchungu uanzie kisiwani.

Halafu keti naye umwambie. Atakuchukia, pengine maisha yake yote, na hana deni la kukusamehe. Lakini mwaka mzima mama huyu amelala akiamini kwamba alimuua mwanawe kwa mgongo wake mwenyewe, na wewe umekula omena yake. Unajua kuongea, wote wanakusifia hilo. Basi nenda ukamwambie halikuwa gunia.