Unga ya Kukurudishia Mwili

Mususa, Butembo, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kwa mutoto wangu Kavira Abigaïl,

Mbele ya yote nakusalimia, mama. Umeamkaje? Mikono yako, bado inatetemeka? Séphora anayekupokea kule Beni na batoto yake bako muzima? Huku tunapumua. Magoti tu njo inanisumbua juu ya baridi, mais nafika ku soko na ku kanisa, donc siwezi kulalamika.

Nakuandikia juu telefoni yangu sauti haitoki tena, na maneno yetu sipendi batu ya cabine ya telefoni basikie. Phinées, ule chauffeur wa lori, atakuletea barua. Ule mutu iko na mudomo! Nilimuuliza: «Ulimuona mutoto wangu kule Beni?» Akajibu: «Nilimuona, Mama Abigaïl. Amekonda. Camion ikipita karibu naye, upepo itamubeba mupaka Oicha.» Akacheka. Miye sikucheka. Unajua batu ya hapa: mutu akikonda tu, banasema kichwa yake imeharibika tena. Umekaa miezi munane muzuri. Sitaki bapate ya kusema.

Njo maana nakutumia seau moja, ndoo nzima, ya unga ya bouillie, uji ya mutama, soya na karanga. Nilitwanga miye mwenyewe. Unywe asubuhi na mangaribi. Hapana kugawia batoto ya Séphora, hata balie. Ile ni ya kukurudishia mwili wewe. Umalize yote.

Ni miye mama yako anayekuwaza kila saa.


Beni, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Mama mupenzi,

Barua imefika, na seau pia. Wasingya, asante sana. Magoti yako upashie maji na chumvi, na usipande tena ile mulima na kapu ku kichwa. Hapa tuko salama. Juzi tulisikia masasi upande wa pori, kisha ikanyamaza, na asubuhi tukafungua atelier ya Séphora ya kushona.

Bouillie nakunywa peke yangu kama ulivyosema. Batoto ya Séphora bananiita Tantine Seau. Mashavu imerudi, hata kanzu yangu ya kanisa inakataa kufunga. Utafurahi.

Sasa sikia habari yenyewe. Docteur Élysée, ule wa centre ya hapa ya bagonjwa ya kichwa, amesema kama nakaa vizuri mupaka nyuma ya Pasaka, ataanza kupunguza piqûre, sindano yangu ya kila mwezi. Mama, ile piqûre njo inatetemesha mikono. Kushona moja kwa moja naweza, mais kutia uzi mu sindano namuitaga mutoto wa miaka saba. Séphora ameniambia: «Siku mikono itatulia, nitakuachia kukata kanzu za babibi harusi.»

Na kuna kitu ingine. Mwezi uliopita nilikuwa na homa, nikaenda ku dispensaire. Infirmier, muuguzi wa pale, akafungua fiche yangu, akaona lile neno waliniandikia huko Butembo, schizophrénie, ugonjwa wa wazimu. Akaifunga. Akamuuliza Séphora, siyo miye: «Anaumwa wapi?» Miye niko pale nimekaa! Mama, nimechoka neno lile linitangulie kila fasi. Niombee nifike Pasaka.

Mutoto wako,
Kavira Abigaïl


Mususa, tarehe 17 mwezi wa tatu 2024

Mutoto wangu,

Salamu tena. Nilisoma barua yako mara tatu, nikaimba mu jikoni mupaka jirani akauliza kama nimepata muchumba! Nikamwambia: mashavu ya mutoto wangu imerudi.

Tutafika Pasaka, Mungu wetu Nyamuhanga iko. Nakutumia seau ya pili. Hii nimeitengeneza yenye nguvu zaidi, juu ufike mbele ya docteur na mwili. Docteur akiona mutu wa mifupa anafikiri ugonjwa tu.

Mama yako.


Beni, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

MAMA!!

Afya hapana kuniuliza, niko nayo mupaka ya kugawia! Siku ine silali na sichoki! Bwana ameniambia Beni yote itavaa nyeupe na vita itaisha, donc nimekata vitambaa vyote vya atelier, hata ile satin ya mariage ya siku ya posho, Jumamosi, nimetoa bendera mia na kumi na mikono haitetemeki, mama, inaruka kama ndege! Séphora analia. Séphora hajui. Machine makumi mbili ziko njiani zinatoka Dubaï, andaa kiwanja ya kuziweka, na uambie Jean-de-Dieu aliyevunja ndoa yetu nimemusamehe na akuje achukue nafasi yake

Abigaïl, mushonaji wa mataifa


Mususa, tarehe 30 mwezi wa ine 2024

Mutoto wangu, roho yangu,

Sijui nikusalimie namna gani. Phinées ameniambia bamekupeleka ku centre, batu ine bakikushika, na ile bibi harusi wa satin alikuwa anapiga kelele ku barabara.

Nani anatufanyia hivi? Pasaka ilikuwa imepita! Nimefunga siku tatu, bamama ya kanisa banafunga na miye. Nilitaka kukuja, mais banasema barabara si nzuri wiki hii.

Phinées anabeba seau ya tatu. Bakupikie palepale ku centre. Usiache kunywa, mama. Mugonjwa bila mwili hashindi.

Mama yako anayelia.


Beni, ku centre, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mama,

Nakusalimia. Sasa kichwa imetulia, naweza kuandika, hata kama mwandiko unaona namna inatembea. Piqûre bameongeza.

Nataka nikueleze mazungumzo, neno kwa neno, juu nimeyabeba wiki nzima.

Docteur Élysée aliniangalia uso, tumbo, kisha miguu. Akapima pression ya damu. Akauliza: «Abigaïl, unakunywa dexa?»

Nikacheka. «Docteur, ile kidonge ya kunenepesha babibi harusi? Miye harusi gani?»

«Niko sérieux. Uso umekuwa wa mviringo, tumbo limejaa, mais miguu imebaki ya kuku. Ile dawa inafanya hivyo. Na mutu akikunywa nyingi, inaweza kumuharibia kichwa, akaonekana mwenye wazimu kabisa.»

Nikaapa: sijawahi kununua hata moja.

Akachukua karatasi, tukahesabu pamoja. Mara ya kwanza niligonjwa kwako, mbele ya ndoa. Nikapona mu centre ya Butembo. Nikarudi kwako, nikagonjwa. Nikapona, nikarudi, nikagonjwa. Nikakuja Beni, miezi kumi hakuna kitu. Akaweka bic yake ya kuandikia chini: «Sasa umegonjwa Beni. Nini ilikufuata toka Butembo?»

Mama, nikamujibu: «Seau ya mama yangu.»

Seau ya tatu hawakupika. Docteur ameifungia mu bureau yake. Amesema anahitaji kujua ni nini, ngapi, na tangu lini, juu ile dawa kuiacha kwa gafula inaweza kuangusha mutu. Kama hapati jibu, atatibu kile kilichoandikwa: ataandika chronique, ugonjwa wa siku zote, na piqûre itabaki kubwa hivi.

Nakuuliza mara moja tu. Mu unga kulikuwa nini?

Mutoto wako,
Kavira


Mususa, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Mutoto wangu,

Salamu. Miye niko muzima.

Mutama, soya, karanga. Njo ile tu. Docteur wako ni kijana, na docteur kijana akikosa jibu anatafuta kosa ku bamama. Mama anaweza kumupa mutoto wake sumu? Usiruhusu batu batutenganishe.

Mama yako.


Mususa, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Kavira wangu,

Wiki tatu hujajibu. Una haki.

Jana Phinées alikuja ku nyumba. Hakufanya mizaha. Alisema: «Mama, nilipeleka mukate kule centre. Anaanguka akisimama. Na sasa banamukunywesha maji na kijiko, mikono haishiki gobelet.» Akaenda. Nikaingia mu chumba, nikafunga mulango.

Hii barua umuonyeshe docteur. Niliweka dexa. Naandika tena ili isomeke: niliweka dexa mu unga, miye Orpa, mama yako.

Ilianza 2019, wakati bashangazi ya Jean-de-Dieu walitoka Luofu kukuja kukuangalia. Ulipowapa chai ukarudi jikoni, mumoja akasema na sauti kubwa: «Hii ni bibi harusi ao ni mufagio?» Bakacheka wote. Ulisikia. Ulikuja ukaniambia: «Mama, miye niko hivi. Asiyenitaka hivi anirudishe.» Mais miye nilikuwa nimeungua. Nilienda ku pharmacie, kama bamama wote wanavyofanyaga, na juu nilijua utakataa, nilisaga comprimé mu kinu nikachanganya na mutama. Mu wiki tatu ulinenepa! Nilijivuna. Wiki iliyofuata ulisimama mu kati ya chorale ukaanza kuvua nguo.

Tulikupeleka kwanza mu chumba ya maombi, bakakufunga kamba. Alama ya kamba uko nayo mupaka leo. Kisha centre. Infirmier akaniuliza, bic mu mukono: «Alikunywa dawa yoyote mbele ya ugonjwa?» Ku benchi nilipokaa bajomba ya Jean-de-Dieu walikuwa wamekaa, na mbuzi za ndoa zilikuwa tayari mu kiwanja chetu. Ningesema ndiyo, wangejua kama ule mwili ulitoka ku pharmacie. Nikasema hapana. Akaandika. Lile neno linalokutangulia, bic ilikuwa ya infirmier, mais mudomo ulikuwa wangu.

Na mbuzi zilirudi Luofu hata hivyo, ndoa ikafa.

Ulitoka centre umekonda, nikakurudishia mwili. Ukagonjwa. Nikakurudishia tena. Utaniuliza: mama, hukuona? Mara mbili za kwanza, kweli, sikuona. Mara ya tatu niliwaza. Nilikuwa na kinu mbele yangu, nikawaza, nikasema hapana, haiwezi kuwa mukono wangu. Nikasimama ku kanisa nikasema: muniombee mutoto wangu, iko na wazimu. Ile jina ya Mususa yote, miye njo wa kwanza kuitamuka. Kuwaza shetani ilikuwa nyepesi.

Na kule Beni nilikutumia hata hivyo, juu Phinées alisema umekonda, na aibu ya zamani ikaamuka. Leo nilimuuliza mama wa pharmacie. Akashangaa: «Ile si ya kumeza hata siku chache bila docteur. Uliweka ngapi?» Niliweka plaquettes sita mu seau ya kwanza. Mu ya pili kumi. Mu ya tatu kumi pia. Plaquette moja iko na comprimé kumi. Mwambie docteur hesabu hiyo, sijaipunguza.

Siombi kitu. Nataka tu mikono yako itulie.

Ni miye, mama yako.


Beni, tarehe 28 mwezi wa saba 2024

Mama,

Nakusalimia. Magoti yako?

Docteur Élysée amesoma barua yako akiwa amesimama. Kisha akakaa, akaisoma tena. Sasa ananipa dexa yenyewe, kidogo, na anaipunguza kila wiki ili nisianguke. Piqûre pia anapunguza, mais polepole. Ameniambia: «Sikuahidi kitu, Abigaïl. Tutaangalia mwaka mzima.» Lile neno hakulifuta. Ameweka pembeni alama ya kuuliza, kubwa, na bic nyekundu. Niliomba nishike fiche, nikaiangalia sana.

Séphora alitaka kuchoma barua yako. Nilimunyanganya.

Niko na hasira, mama. Miaka tano. Jean-de-Dieu iko na batoto batatu. Juzi niliamuka na maneno ya kukuandikia ambayo mutoto haandikiage mama yake, nikaenda kufua nguo mupaka ikaisha yote, mais hasira haikuisha. Kusamehe bado sijui. Singependa kukudanganya, tumekwisha kudanganyana sana.

Mais docteur anasema barua haitoshi. Anataka kusikia toka kinywa yako, tarehe na kila kitu, aandike mwenyewe, atie sahihi, na nakala iende Butembo ku centre ile. Anakungoja siku ya ine, Alhamisi. Phinées atakuwekea kiti ya mbele juu ya magoti. Séphora atakutandikia kitanda, amekubali, hata kama hatakusemesha.

Ukuje, mama. Hapana kuleta chakula.

Mutoto wako,
Kavira