Kwa Baba, Kuhusu Ile Safari ya Barafuni

Baba yangu,

Wajukuu wako wameshakwenda shule, nyumba hii ya Kigera imetulia, na nimeamua kukuandikia jambo ambalo mimi na wewe tuliishi nalo miaka mingi bila kulitaja. Ni ile safari ya Marangu.

Ulikuwa mwaka ambao sabuni na sukari zilianza kuonekana tena madukani Bunda, baada ya ile miaka ya kupanga foleni tangu alfajiri. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo nyumbani Manyamanyama. Wiki ileile niliyofika walikuja wageni kutoka Butiama, wanaume watatu wamevaa makoti, wakakaa na wewe na baba mkubwa mchana kutwa. Niliambiwa nibaki jikoni. Nilichonasa kupitia dirisha ni kwamba kuna bwana mmoja mwenye duka, ambaye hufuata bidhaa mpaka Moshi. Nilipomuuliza mama walifuata nini, akajibu, "Mambo ya wakubwa hayo."

Siku ya tatu ukaniita. "Mama, jiandae. Twende Kilimanjaro ukaone barafu."

Ulikuwaga unaniita mama kwa sababu nilichukua jina la mama yako. Lakini siku ile uliongea huku umegeuzia uso kwenye zizi. Nilijua kwamba ujanani, kabla hujaoa, uliwahi kubeba mizigo ya wazungu mlimani. Ila tangu nizaliwe ulikuwa mkulima wa pamba, na hata Mwanza ulikwenda ukiwa na shida tu. Barafu ya nini? Mama alinifungia kitenge kipya, sikujua kimetoka wapi, akanisisitizia mara mbili, "Usimwache baba yako peke yake." Moyoni nikasema: wameshapatana. Huyo bwana yuko Moshi, napelekwa kwake.

Katika basi la Arusha nilikuchunguza njia nzima. Uliniomba nikusomee vibao vya barabarani, nikadhani unanipa kazi ili nisifikirie mengine. Tulipokuwa tunashuka ulinishika bega kwa nguvu, nikaona unazuia nisitoroke. Ukizungumza nami, macho yako yalikwenda kando. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na niliamini kwamba mtu asiyekutazama usoni ana jambo baya juu yako.

Marangu ilikuwa mji mdogo wa migomba na ukungu, wenye nyumba za wageni na wazungu waliovaa soksi nene. Rafiki yako Elirehema, mliyebeba naye mizigo zamani, alikuwa ameshakuwa kiongozi wa watalii. Nilimwamkia, akanitazama toka juu mpaka chini. Halafu akakuuliza kwa sauti ya chini, nami nikasikia.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Anajua?"

"Bado."

Nilitaka kukimbia jioni ileile. Lakini ningekimbilia wapi, nami sikumjua hata mtu mmoja? Elirehema aliponiletea buti na koti zito vilivyoachwa na wageni, nilivaa haraka kuliko mlivyotarajia. Niliona heri mlimani, maana huko hakuna mwenye duka.

Tulipanda polepole kwa siku kadhaa, tukilala kwenye vibanda vya mbao. Elirehema alitangulia, mimi nikafuata, na wewe ukashika mkanda wa mfuko wangu ukisema miguu imezeeka. Sikukuamini. Miguu yako ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Mimi ndiye niliyeumwa kichwa na kutapika, na wewe ukanipa maji ya moto na kunisugua mikono. Hata hapo, Baba, nilijiambia kwamba unatunza mali ya watu.

Barafu pekee niliyoijua ni ile ya mwaloni Musoma, mitumbwi inaposhusha samaki, vipande vichafu vya kuhifadhia sangara, vimejaa magamba. Ile ya kule juu ilisimama kama ukuta wa kanisa. Jua lilikuwa limeshachomoza. Elirehema alitufungia vyuma vyenye meno kwenye buti, akatuunganisha kwa kamba, mimi katikati na wewe nyuma. Tukaanza kutembea juu ya barafu yenyewe, inalia chini ya miguu kama mtu anayetafuna mahindi makavu.

Hatukwenda mbali. Niligeuka nikakuona umeacha nyayo zetu, unaelekea penye ufa mpana ulio wazi kabisa, na uso wako umetulia kama unatembea uwanjani kwako. Nilivuta kamba kwa mikono yote miwili. Ulianguka kwa magoti.

"Baba, hukuuona ufa?"

Elirehema alisimama. "Mwambie sasa," akasema.

Ulikaa palepale kwenye barafu. "Naonaga pembeni tu, mama. Katikati pamefunga. Daktari amesema haitachukua muda mrefu, pembeni nako kutaziba. Mama yako anajua. Nilitaka kuiona barafu mara nyingine, na peke yangu nisingefika."

Nilipaswa kufurahi kwamba nimekushuku bure. Lakini bado nilikuwa na swali langu.

"Na wale wa Butiama?"

Ulikung'uta barafu magotini.

"Nilikubali," ukasema. "Nilitaka nikuone umeolewa wakati bado naona."

Sikulia. Niliketi nikakuelekea. "Mimi sishuki mpaka ukatae."

"Binti, wingu linakuja," Elirehema akasema.

"Nimeliona." Halafu nikakwambia wewe, "Nitamaliza shule. Kila likizo nitakushika mkono, utakapotaka kwenda tutakwenda. Butiama siendi."

Uligeuza uso pembeni, kama ulivyofanya safari nzima. Ndipo nilipoelewa kwamba hivyo ndivyo ulivyokuwa unanitazama.

"Haya," ukasema. "Nitakataa." Ukapapasa barafu kwa kiganja. "Sasa niambie, mle ndani ya ufa bado kuna rangi ya bluu?"

Nikakwambia ipo.

Ulitimiza. Tuliporudi ulikwenda Kabasa kwa baba mkubwa, mimi nikiwa nimekushika mkono, ukamwambia mbele yangu kwamba posa imekufa. Alisema mlima umekuharibu akili, na hakukanyaga kwetu mpaka alipougua. Mwenye duka alioa kwingine. Nilimaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, na nilipokuwa huko macho yako yakafunga kabisa. Likizo zote nilirudi kukushika mkono. Watu wa Manyamanyama walitusifu, baba na binti wanaopendana, na ilikuwa kweli tunapendana.

Lakini shaka haikuniisha. Nilijiuliza kila mara: ulikataa kwa ajili yangu, au kwa sababu ulikuwa umekaa kando ya ufa usiouona, na aliyekushikia kamba ni mimi? Kama ungeona vizuri, ungesema "haya"? Hilo ndilo nililokuficha. Nilikuogesha, nikakusomea Biblia, nikakuzika, nikiwa nalo.

Na wewe ulitaka kuniambia kitu. Mwaka mmoja kabla hujatutoka, tumekaa uani asubuhi, ulianza bila mimi kukuuliza. "Mama, siku ile barafuni, mimi..." Nikakukata. Nikasema, "Baba, jua limekuwa kali, twende ndani." Jua halikuwa kali, na nadhani hata wewe ulilisikia usoni kwamba si kali. Uliinuka, ukanipa mkono, na hukurudia tena.

Niliogopa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na bado niliogopa jibu la baba yangu. Sasa nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, naandika "eleza zaidi" pembezoni, na kila ninapoyaandika maneno hayo nakuona umekaa uani mdomo wazi, sentensi imekatika katikati.

Lolote ulilotaka kusema siku ile, Baba, nalipokea. Hata kama ndilo lile nililoliogopa.

Pumzika salama.

Binti yako wa kwanza,
Kigera, Musoma