Mteremko wa Mbwa

Binti yangu,

Hatujambo, ukimtoa mbwa wako. Baridi yabisi imemkaa kwenye nyonga, na ngazi za mlangoni zimemshinda. Daktari wa mifugo amempa dawa, akasema apunguziwe chakula, alale kwenye godoro, na tusithubutu kumpa vidonge vyetu.

Mimi nikamtengenezea mteremko wa mbao, useremala haustaafu. Nikaugongomelea zulia asiteleze. Bwana mkubwa kagoma katakata, mpaka abebwe.

Anayeupita ni mama yako, ambaye anaapa magoti yake hayana neno. "Namfundisha mbwa njia," anasema.

Jana niliongeza ubao wa kushikilia. Aliushika, wala hakuuliza mbwa ataushikaje.

Ukipiga simu, usimuulize habari za magoti. Muulize mbwa anaendeleaje.

Baba yako